Safari ya Kyaka kutoka Mwanza: yanayosimuliwa na yanayorukwa

Hapa Mwanza tunaiita "safari ya Kyaka", ingawa kwenye stakabadhi mwenye huduma ameandika "ziara ya kumbukumbu ya Vita vya Kagera", yaani vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin vya 1978–1979. Ni ya siku tatu. Unapanda meli usiku katika bandari ya Mwanza, unashuka Bukoba alfajiri, unapelekwa Kyaka na Bunazi, karibu na mpaka wa Uganda, kwa Hiace ya viti 14, unalala Bukoba, kisha siku ya tatu unarudi kwa barabara kupitia Muleba, Geita na daraja la Kigongo–Busisi. Nililipa shilingi 320,000, na fedha hiyo ilijumuisha nauli zote, malazi, chakula cha mchana na mwongozaji aliyekuwa nasi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikwenda mwezi Novemba uliopita.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 22, na kila mwaka nimeifikia mada ya Vita vya Kagera nikiwa na kipindi kimoja, pengine viwili: sababu, matukio, matokeo, halafu tunasonga mbele kwa kuwa mtihani uko karibu. Wanafunzi wanatoka darasani wakijua kwamba Idi Amin alivamia, kwamba Mwalimu Nyerere alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na kwamba Kampala ilianguka Aprili 1979. Hawatoki wakijua ilikuwaje kwa mtu aliyekuwa na shamba lake la migomba kaskazini ya Mto Kagera siku jeshi la jirani lilipofika mlangoni kwake. Nililipa nauli ili nione kama huduma hii inalijibu swali hilo. Inalijibu, tena vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mahali pamoja ambapo inafanya kosa lile lile la vitabu vyetu, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Safari inaanzia Mwanza kwenyewe, jambo ambalo wengi wetu tusingelifikiria. Jioni ya kuondoka, kabla ya kwenda bandarini, mwongozaji alitukusanya ukingoni mwa ziwa upande wa Capri Point, mahali ambapo kisiwa cha Saanane kinaonekana vizuri, akatuuliza nani anajua kwa nini swala walikufa pale mwaka 1979. Tulikuwa abiria 11, wote wakazi wa mji huu, na hakuna aliyejua. Ndipo akaeleza kwamba vita vikiwa vinaelekea ukingoni, ndege ya kivita ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kupiga maghala ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, na makombora yake yakaangukia kisiwani, yakajeruhi mfanyakazi mmoja na kuua swala na ndege wengi. Akakumbusha pia kwamba Septemba 1972, baada ya wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuingia Uganda kutokea kwetu na kushindwa, Amin alituma ndege zake zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alisema kwa sauti ndogo kwamba mama yake alikuwa akizungumzia kujificha mtaroni, naye siku zote alidhani ni habari za vita vya Wajerumani.

Ndani ya meli, baada ya taa za mji kupotea, kilifuata kipindi cha saa moja na nusu ambacho ndicho kilichonishawishi kwamba aliyeiandaa ziara hii ameifikiria kazi yake. Mwongozaji, kijana mzaliwa wa Missenyi, wilaya ya Kyaka yenyewe, hakulitumia neno "nduli", jina tulilompa Amin, hata mara moja, na mzee mmoja akamuuliza sababu. Alijibu kwamba neno hilo linamfanya msikilizaji adhani kazi yote ile ilifanywa na mtu mmoja. Nimelitafakari jibu lile tangu siku hiyo. Kizazi chetu kililelewa na neno "nduli". Lilikuwa redioni, lilikuwa katika nyimbo za mchakamchaka, na kwa watoto nduli alikuwa jitu la kuchekesha, bondia mnene aliyemtaka Mwalimu wakapigane ulingoni. Udikteta wa kijeshi ukishageuzwa kuwa kichekesho cha mtu mmoja, maofisa, madereva, makarani na askari wa vizuizini wote wanatoka nje ya hadithi.

Kwa hiyo alitusimulia habari za ofisi. Alianza na mapinduzi ya 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore mkutanoni, kisha akaenda moja kwa moja kwenye idara ya usalama iliyojificha nyuma ya neno "utafiti", yenye makao yake Nakasero, jijini Kampala. Alieleza jinsi watu walivyochukuliwa mchana kweupe na wanaume waliovaa miwani ya giza, wakasukumwa ndani ya buti la gari, na majirani wakajifunza kutotazama. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa Septemba 1972 pale pale mahakamani. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza kupotea kwa watu, chini ya Jaji Mohamed Saied, na tume ile ilifanya kazi yake kwa uaminifu kiasi cha kuandika visa 308. Serikali iliyokuwa na orodha ya watu wake waliopotea, ikaiweka kabatini, kisha ikaendelea kupoteza wengine, haielezeki kwa kichaa cha mtu mmoja.

Vitanda vya daraja la pili melini vilikuwa safi. Sikulala sana.

Kutoka Bukoba hadi Kyaka ni mwendo wa kama saa moja. Kituo cha kwanza ni daraja. Mwongozaji alitusimamisha pembeni mwa barabara, malori ya mpakani yakitupita, akaonyesha mto kwa mkono: jeshi la Amin liliingia kwa nguvu 30 Oktoba 1978, siku mbili baadaye Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda, na 3 Novemba daraja likalipuliwa. Pembe iliyochukuliwa ni ya kilomita za mraba kama 1,800, kati ya mto na mpaka ambao wakoloni waliuchora kwa rula juu ya latitudo ya nyuzi moja kusini, wakikata katikati ya mashamba na koo. Watu wa huku wana ndugu ng'ambo na walikuwa nao kabla ya rula. Kwa makadirio yanayotajwa zaidi, raia wapatao 1,500 waliuawa katika majuma yale machache, na makumi ya maelfu walikimbilia kusini.

Magofu ya kanisa yaliyoachwa kilimani kama yalivyopigwa tuliyaona kwa dakika 20, na zilitosha. Kuta zimesimama bila paa, nyasi zimeota ndani, na matundu ya risasi yapo kwenye kimo cha kifua cha mtu. Wenzangu walipiga picha. Sina la kuongeza hapo, kwa kuwa magofu hayasemi mengi kama hujui nani alikuwa akisali ndani.

Kiini cha safari ni saa mbili tulizokaa nyumbani kwa bibi mmoja, kijijini, umbali mfupi kutoka mtoni. Jina lake sitaliandika; mwenyewe aliomba asipigwe picha, na mwongozaji alilisimamia ombi hilo vizuri, akatukusanyia simu zote kwenye kikapu kabla hatujaingia uani. Tulikaa juu ya mikeka chini ya migomba. Tulimwamkia, akaitikia, akaanza kwa kutuuliza kama kwetu Mwanza senene, wale panzi wa kuliwa, wanaanguka. Tukasema wachache. Akasema kwamba huku mwezi huu, alfajiri, wasichana walikuwa wakiingia majanini na vikapu kabla jua halijawapasha senene mbawa, na kwamba mwaka ule yeye alikuwa na miaka 14, na senene walianguka wengi kuliko miaka yote anayoikumbuka, wakafa majanini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaokota.

Hivyo ndivyo anavyoutaja mwaka 1978: mwaka wa senene wasiookotwa. Hakutaja tarehe hata moja.

Alisimulia kwamba askari waliofika kwao walisema Kiswahili. Hili alilirudia mara tatu, na kila mara alitutazama mmoja mmoja kuona kama tumemwelewa. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya undugu, lugha ya Taifa na ya ujamaa. Nyumbani walisema Kihaya. Asubuhi ile maneno yote ya kumtoa mtu ndani ya nyumba yake, kumlaza chini, kumnyang'anya na kumwamuru anyamaze, aliyasikia kwa lugha ile ile ya mwalimu wake. Mimi ni mwalimu na ninafundisha kwa lugha hii. Ni kweli kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi Uganda tangu enzi ya mkoloni, kwamba Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwamba Waganda wengi wa kusini walikikwepa kwa miaka mingi baadaye wakisema ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Nilikuwa nikilifahamu jambo hilo kwa kusoma. Kulisikia kwa mtu aliyekuwa upande wetu wa mpaka, raia wa Tanzania, kulinifanya nishindwe kuandika chochote kwenye daftari kwa muda.

Baba yake alichukuliwa pamoja na ng'ombe wake ili awaswage kuelekea kaskazini. Hakurudi. Mama yake na watoto walitembea usiku hadi mtoni, wakakuta daraja halipo, wakavushwa kwa mtumbwi na mtu ambaye hawakupata kumjua. Waliporejea mwaka uliofuata, nyumba ilikuwa haina bati wala milango, na jembe la baba lilikuwa bado limeegemea mgomba. Jembe hilo analo. Alimtuma mjukuu akalilete, akaliweka mkekani mbele yetu. Limeliwa na kutu hadi limebaki kama ukubwa wa kiganja, na mpini si ule wa zamani. Alisema kwamba kwa miaka mingi wageni wamekuja Kyaka, viongozi, waandishi, wanafunzi, na wote walimuuliza habari za daraja. Hakuna aliyemuuliza habari za baba yake mpaka kijana huyu alipoanza kuleta watu.

Kwa maneno hayo tu, huduma hii imestahili fedha yake. Kumbukumbu ya vita hivi imetunzwa zaidi na wale walioviamuru na wale waliovishinda. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulilipata baada ya ushindi. Ushindi ule ulikuwa wa haki na ulilipiwa gharama kubwa, sina shaka nao. Lakini mtu wa pembezoni, ambaye utawala wa kijeshi wa nchi nyingine ulimkuta shambani, amebaki kuwa mahali pa tukio badala ya kuwa msimulizi wake, na safari hii inampa kiti na muda.

Sasa niseme kasoro.

Bibi alipokuwa akieleza habari za kurejea, alisema kwamba mjomba wake aliishi Mutukula, upande wa Uganda, na kwamba Januari 1979 "watoto wetu walipovuka" mambo hayakwenda vizuri kule pia. Mwongozaji alimkatiza. Alimkatiza kwa heshima, kwa kumshukuru na kutukumbusha kwamba chakula kinatungoja Bunazi, lakini alimkatiza, na sote tuliona. Nilipomuuliza ndani ya gari, alijibu kwamba wateja hawapendi sehemu hiyo, na kwamba siku moja mteja alimtishia kwamba analichafua jeshi.

Mambo yanajulikana. Jeshi letu lilipouteka mji wa Mutukula, askari wenye hasira ya yale waliyoyaona Kyaka waliubomoa kwa matingatinga na kuua raia. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe, na mwenendo wa jeshi katika safari ya kwenda Kampala ulibadilika kwa sehemu kubwa. Habari hiyo inamheshimu Mwalimu na kumheshimu kila askari aliyetii amri ile. Kuificha kunamnyima heshima hiyo pia.

Ninalo jambo la nyumbani katika hili. Baba Mkubwa alikwenda vitani akiwa mgambo, akitokea Magu, mmoja wa makumi ya maelfu ya wakulima na wafanyakazi waliovaa magwanda miezi ile. Alirudi salama na redio kubwa ya kaseti. Redio ile ilikaa chini ya kitanda chake, imefungwa kwa kanga, hadi alipofariki. Hatukuwahi kuisikia ikilia. Tulipokuwa watoto tulimwomba aiwashe wakati wa mpira, akatuambia haina betri. Tulimnunulia betri. Alizipokea, akashukuru, akaziweka kwenye tochi. Nilikwenda Kyaka nikiwa na matumaini, ambayo sikumwambia mtu yeyote, kwamba nitasikia jambo la kunisaidia kumwelewa, na lilipokaribia kusemwa, lilikatizwa kwa ajili ya matoke na sato. Chakula kilikuwa kizuri, niseme kweli, matoke laini na samaki aliyepikwa siku hiyo hiyo, lakini nilikila bila hamu.

Mwenye huduma akitaka ushauri wangu, asimwongezee bibi maneno wala asimpunguzie. Amwache aende mpaka Mutukula kwa simulizi yake, na baada ya hapo awaambie wateja, kwa sentensi mbili tu, Mwalimu aliamuru nini. Mteja atakayekasirika arudishiwe fedha yake. Na kama taratibu za mpakani zinaruhusu, Hiace isogee kilomita hizo chache zilizobaki hadi Mutukula, watu waone kwamba ni mji wenye maduka na watoto wa shule kama Bunazi.

Kasoro ya pili ni ndogo lakini inarekebishika. Siku ya tatu, njiani kurudi, tulisimama Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya jeshi ambako wamezikwa askari waliofia vitani. Mnara ni mweupe, majina yameandikwa, na mahali pametunzwa kwa usafi unaoonyesha kwamba kuna anayejali. Tulipewa dakika 25, kwa sababu dereva alitaka kufika Geita kabla ya giza. Mama yule aliyekuwa nyuma yangu siku ya kwanza alikuwa akitafuta jina la kaka wa mama yake, akasoma majina kwa kidole, safu baada ya safu, na honi ikapigwa akiwa bado anasoma. Alipanda gari bila kusema neno. Kaboya ipewe saa nzima, na safari iondoke Bukoba saa 12 asubuhi badala ya saa 2.

Mambo mengine ni ya kawaida. Nyumba ya wageni ya Bukoba ina maji ya moto na chandarua kizima. Chai ya asubuhi ilichelewa. Hiace ni nzima, mikanda inafungika, dereva hana papara isipokuwa pale Kaboya. Karatasi tulizogawiwa zina ramani nzuri ya mto na mpaka, ila zimeandikwa kwa herufi ndogo mno kwa wazee, na wazee ndio wengi wa wateja. Mwongozaji anajua kazi yake, anasikiliza, hajifanyi kuwa alikuwapo, na akiulizwa asilolijua anasema atauliza. Kwa kijana wa umri wake, ujasiri wa kulikataa neno "nduli" mbele ya wazee ni mkubwa, na ndiyo maana naamini anaweza kuupata ule mwingine pia.

Nitawapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha nne mwakani, na nimekwishazungumza na mwenye huduma kuhusu bei ya kundi. Kwa anayekwenda mwenyewe, aweke nafasi mapema, viti ni 14 na safari ni moja kwa mwezi. Achague Novemba, abebe sweta la usiku melini na zawadi ndogo ya sukari au sabuni kwa bibi. Na bibi akifika kwenye habari za mjomba wake, amwombe kwa adabu aendelee.